Namirembe na madaraja ya Jinja kwa siku moja: mtembezaji wa kuombwa, gari la aibu

Miaka kumi na tisa nimeendesha trela Malaba hadi Kampala, na Jinja kwangu ilikuwa foleni tu. Nilipostaafu mama watoto akanibana: twende tukaone ulichokuwa unakipita. Tukalipa shilingi 180,000 watu wawili, pamoja na chakula cha mchana.

Gari tuliambiwa saa moja asubuhi. Lilifika saa tatu kasoro, kiti changu kimefungwa kwa waya. Kampuni siitaji, wenyewe wanajijua.

Lakini yule kijana aliyetutembeza! Kiswahili chake kilikuwa cha Busia, hakina mapambo, kinaeleweka. Pale Namirembe, kanisa kuu la Anglikana jijini Kampala, alituweka saa nzima na sikuona muda ukienda. Kanisa lililotangulia lilipigwa radi mwaka 1910 likateketea; hili la matofali mekundu na kuba lilijengwa kuanzia 1915 hadi 1919. Tulipofika makaburini, mbele ya kaburi la Askofu Hannington, mmisionari Mwingereza, akaniuliza, "Mzee, wewe unatokea upande gani?"

"Malaba."

"Basi huyu alikuja kwa upande wako."

Aliuawa Busoga mwaka 1885, Kampala hajaiona. Iliyofika ni mifupa yake. Na mimi nilikuwa natukana nikikalishwa saa mbili darajani.

Jinja ndipo mambo yalipoharibika. Kwa kuwa tulichelewa kuondoka, madaraja matatu ya Mto Nile tukayapa dakika ishirini. La reli, la chuma, lipo tangu 1931. Lile la juu ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, ndilo langu: hapo ndipo nilipokuwa nikipita taratibu, taniboi wangu kachungulia dirishani kuangalia maji. Jipya la nyaya, mita 525, walilifungua 2018, na dereva alilipita kama anafukuzwa. Picha juu ya bwawa ni marufuku, jambo ambalo tungeambiwa mapema. Dada mmoja alitoa simu, askari akapuliza filimbi, tukabaki kuomba radhi kwa dakika tano kati ya zile ishirini.

Ngege wa kukaanga alikuwa mkubwa, kichwa kimevuka sahani. Mama watoto alimaliza na wangu.

Nawapa nyota tatu, na zote ni za yule kijana. Ukipiga simu mwulizie yeye kwanza, halafu uulize kama viti vimeshatengenezwa.