Nader Shah garini: kozi ya sauti niliyoinunua kwa rial 6

Kila Alhamisi jioni natoka Maskat kwenda Sohar, kilomita mia mbili na ushei, na redio za njiani nimezichoka. Mwezi uliopita nikanunua kozi ya sauti ya Kiingereza juu ya Nader Shah, mfalme wa Uajemi: vipindi 12 vya nusu saa nusu saa. Nimeisikiliza karibu yote.

Vipindi vya mwanzo ni vitamu. Mtoto wa kabila la Afshar huko Khorasan, kwao hohehahe, anakua huku dola ya Safavi ikiporomoka. Mwaka 1722 Waafghani wanauteka mji mkuu, Isfahan. Nader anajiunga na Tahmasp, mwana wa mfalme, ambaye alikuwa amekimbia, anakubali hata kuitwa mtumwa wake, anawafurusha Waafghani 1729, halafu 1732 anamng'oa Tahmasp huyohuyo na kumkalisha kitoto kichanga kitini. Mwaka 1736 taji akalivaa mwenyewe. Msimulizi hana papara, anaeleza jeshi lile lilishindaje: mazoezi yasiyokwisha, bunduki, na zamburak, vizinga vidogo vilivyofungwa juu ya ngamia. Mie ngamia nawaona kila siku na hilo sikulijua.

Delhi, mji wa India alioteka Nader, imepewa vipindi vitatu. Machi 1739 ulizagaa uvumi kwamba Nader kauawa, wenyeji wakawashambulia askari wake. Asubuhi akenda msikitini Chandni Chowk, akachomoa upanga, na mauaji yakaanza. Hesabu inayotajwa sana ni watu 20,000 hadi 30,000 kwa siku moja. Akaondoka na Kiti cha Tausi, kiti cha enzi cha wafalme wa huko, almasi ya Koh-i-Noor, na mali iliyomwezesha kuwasamehe raia wake kodi miaka mitatu.

Kipindi cha tisa Mama alikuwa nami garini. Ndicho kinachosimulia namna Nader, baada ya kupigwa risasi msituni Mazandaran na kunusurika, alivyomshuku mwanawe Reza Qoli na mwaka 1742 akaamuru atobolewe macho. Mama, asiyejua Kiingereza kingi, akaona uso wangu, ikabidi nimtafsirie. "Mwanawe wa kumzaa?" Nikamwambia ndiyo, na alijuta. "Kujuta kwamfaa nani? Zima, nitilie Kurani." Tukaenda na Kurani mpaka Sohar.

Sasa lawama. Oman imepewa sentensi moja! Nimeisikia wakati nimesimama Barka, kikombe cha chai ya karaki mkononi. Imamu Saif bin Sultan wa Pili, mtawala wa Oman, aliwaita Waajemi wa Nader mwenyewe, 1737, wamsaidie dhidi ya mpinzani wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu hakupona. Aliyesimama ni liwali wa Sohar, Ahmad bin Said, aliyezingirwa miezi kadhaa ngomeni. Baadaye aliihamishia Barka biashara ya Maskat ili Waajemi waliobaki wakaukiwe, na inasimuliwa kuwa mwisho aliwaalika karamuni hapohapo Barka akawamaliza. Huyo ndiye mwanzo wa utawala wa Busaidi, na mjukuu wake, Said bin Sultan, ndiye aliyehamishia makao Unguja. Wamazrui wa Mombasa walikataa kumtambua Ahmad, wakajitawalia mji wao. Mtu anayeuza saa sita za Nader anaruka yote hayo?

Tena kipindi cha 12, cha mwisho kabisa, hakipakuliki. Nimewaandikia wauzaji mara mbili, mara zote nimejibiwa na mashine.

Nyota tatu. Ukitaka Delhi na vita, nunua bila wasiwasi, ila pakua kila kitu nyumbani kwanza.

Mama ananiuliza hadi leo yule kijana kipofu aliishia wapi. Ilibidi nitafute mwenyewe: Nader aliuawa na makamanda wake 1747, na mtoto wa nduguye aliyekalia kiti akamuua Reza Qoli naye. Sijamwambia.