Siteliner imeniumbua, ila nawapa nyota 4

Nauza chupa za chai na masufuria Kariakoo, tovuti ninayo toka mwaka juzi. Mtu akisachi jina la duka Google ananipata fresh, ila akiandika chupa ya chai lita 3 hanioni ng'o. Nikajua nimelogwa. Mdogo wangu akaniambia dada acha maneno, hebu ipitishe tovuti yako Siteliner, ile huduma ya mtandaoni inayokuonyesha maandishi yanayojirudia ndani ya tovuti yako, uone.

Ni bure kama tovuti haizidi kurasa 250, unaweka anwani unasubiri kidogo basi. Yangu ikaja na asilimia 61 marudio. Nikabofya chupa nyekundu ya lita 1, maandishi karibu yote yamepakwa rangi na pembeni zimejipanga kurasa zenye maneno hayohayo, ya bluu, ya kijani, ya lita 2, ya lita 3, zote "inatuza joto masaa 24, inafaa nyumbani na ofisini". Fundi aliandika mara moja akapesti kila mahali, na hela nikampa yote jamani.

Sasa mtaani wanakwambia Google anakupiga adhabu, hapana, wenyewe wameshasema marudio ya kawaida hayana adhabu labda uwe unafanya ujanja wa kudanganya. Ila akikuta kurasa sita zinafanana anachagua moja ya kuonyesha na nyingine anaziweka kando, na hakuulizi unataka ipi. Kwangu alichagua ya kijani lita 1, ambayo iliisha stoo tangu Ramadhani!

Nilichopenda, menyu na yale maneno ya chini ya kila ukurasa inayahesabu pembeni, haikutishi bure. Nisichopenda, ukitumia ya bure unapima mara moja kwa mwezi, yani umerekebisha leo una hamu ya kuona imeshuka ngapi, unaambiwa subiri. Halafu inaangalia ndani ya tovuti yako tu. Mimi nilichukua ile sentensi nikaiweka Google kwenye alama za kunukuu, weee, maduka kibao wanayo hiyohiyo mpaka kosa la "inatuza", kumbe wote tumeitoa kwa huyohuyo anayetuuzia jumla. Kwa mambo ya nje nenda Copyscape, ni ya watu walewale.

Rangi zote nimeziunganisha ukurasa mmoja, zile za zamani zimewekewa ridairekti ya 301, yani inamhamishia mtu yenyewe kwenye ukurasa mpya, ili mwenye linki ya kitambo asikute patupu. Ya lita 3 nimeiandika mwenyewe, inajaza vikombe vingapi, mdomo wake mkono unaingia kuoshea, na vifuniko vya akiba vipo maana vile vinapoteaga kwenye shughuli. Google nimeshaanza kutokea, ukurasa wa pili huko lakini nipo. Usiku huu nahamia masufuria, zimebaki kurasa 40 na kitu.