Dada wa steshenari Buguruni: barua nyota tano, printa nyota mbili

Kuna steshenari Buguruni, ukishuka Sheli unaingia uchochoro wa wauza mitumba, nje kuna meza ya bluu na kibao cha chaki PASIPOTI SAIZI NA KUCHAPA. Ukipita haraka huioni.

Mi nilipunguzwa kazi kiwandani, tulikuwa watu nane, nikaomba fao la kukosa ajira kule NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nikajibiwa sistahili eti rekodi inaonyesha nimeacha kazi mwenyewe. Nimeacha mimi?? Kumbe HR ndo kajaza hivyo kwenye fomu, na ukiacha mwenyewe hilo fao hulipati. Na siyo hela ya kuachia jamani, ni theluthi ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia angalau miezi 18, mi nilikuwa napokea 450,000 kwa hiyo piga hesabu, kama 150,000 kila mwezi, kodi ya chumba na unga vinatoka humo. Kishoka mmoja akataka elfu hamsini "aifuatilie" wakati mfukoni nina kumi na mbili.

Nikaenda kwa dada na malalamiko yangu nimeandika kwa mkono kurasa tatu za kaunta buku, nimemwaga kila kitu mpaka mama mwenye nyumba alivyonifungia geti. Akasoma yote kimya, akachukua peni nyekundu akakata, akakata, akakata, ikabaki sentensi moja ya ukurasa wa pili, ile ya kwamba tuliitwa ofisini wote nane tukapewa barua za kupunguzwa. "Kaka, haya mengine kamwambie mchungaji, hii ndo yenye hela. Barua yenyewe iko wapi?" Barua ipo! Imelala kwenye bahasha ya kaki pamoja na slipu za mshahara, mi nilipeleka fomu tu sikuwaza kuiambatanisha.

Akachapa ukurasa mmoja, husika na mada tajwa hapo juu, akataja namba ya barua yao ya kunikatalia, akaomba wapitie upya, kiambatanisho A barua ya kupunguzwa, B slipu, C taarifa ya michango. Akatoa kopi ya pili akasema hii wagonge muhuri wa kupokea na tarehe ionekane, usitoke bila muhuri hata wakikwambia rudi kesho. Na kweli bwana, kijana wa mapokezi alitaka aitupie tu kwenye trei, nikasimama pale kama nguzo mpaka akagonga.

Bei: kuchapa 2,000, printi na kopi 1,800, ushauri hachaji, nikamwachia ya soda. Alishawahi kuchapa kwa wakili mjini miaka mingi ndo maana.

Sasa mabaya yake. Printa inaacha mstari mweusi pembeni, umeme ukikatika mnakaa, jirani anauza spika kwa hiyo singeli hadi meno yanatetema. Halafu dada hana siri kabisa, anasoma barua yako kwa sauti, benchi zima likajua mshahara wangu. Ila na mi nikajua ya mama mmoja aliyekatwa mshahara akiwa anaumwa, akaambiwa sheria inampa siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 zingine nusu, cheti cha daktari kiko wapi mama?

Kilichoniuma ni kwamba kupinga kuachishwa kwenyewe unatakiwa uende CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, mi nilishapitisha miezi miwili nalia na marafiki, akasema labda niombe kuongezewa muda.

Wiki ya tano nikapigiwa simu, mwajiri kaulizwa, fomu imerekebishwa, ya mwezi wa kwanza imeshaingia.

Anafungua saa mbili asubuhi, Jumapili hayupo. Flashi yako iwe haina virusi, atakugombeza mbele za watu.