Kibuyu chirizi: nyota nne kati ya tano

Tangu Shirika la Afya Duniani lilipotangaza korona kuwa janga la dunia, Machi 2020, nimenawia kwenye ndoo za koki, masinki na vitakasa mikono vya kila aina. Kifaa ninachokipigia debe mpaka leo ni kibuyu chirizi, hasa kwa shule, nyumba za ibada na vyoo vinavyotumiwa na watu wengi.

Hukiundi kwa vitu vya ajabu. Dumu la lita tano unalitoboa kitundu karibu na mdomo kwa msumari wa moto, unalitundika kwenye kijiti kati ya nguzo mbili zenye panda, kisha unafunga kamba kutoka shingoni mwake hadi kwenye kijiti kingine kilicholala chini. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Ukiondoa mguu, linarudi lenyewe. Hapo ndipo kinapoizidi ndoo ya koki: koki hufunguliwa na mkono mchafu, kisha hufungwa na mkono uleule ukiwa umeshanawa, na foleni nzima inapita palepale. Kwenye kibuyu chirizi mkono unagusa maji na sabuni tu. Inaniuma kwamba tulisambaziwa koki kwa wingi vile, ilhali kifaa hiki kilishabuniwa Zimbabwe na daktari Jim Watt miaka mingi kabla ya korona.

Maji nayo hayaendi bure, maana wakati wa kusugua mguu unapumzika. Na kusugua ndiyo kazi yenyewe: kirusi cha korona kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Ushauri wa shirika hilo ni sekunde 40 hadi 60 kwa zoezi zima. Mwaka 2020 watu bilioni 2.3 hawakuwa na maji na sabuni ya kunawia nyumbani kwao. Kuwaambia "naweni mikono" bila kuwapa hata dumu ni kuwaonea.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya sabuni. Mche uliotobolewa na kuning'inizwa huyeyuka kwa mvua, kwa hiyo uwekee kofia ya kopo juu yake. Kamba nayo hulika pale inapokwaruza kijiti, ikague mara kwa mara. Halafu lazima awepo mtu anayejulikana kwa jina kwamba kujaza maji ni zamu yake. Bila hivyo dumu hukauka, na watu huzoea kulipita.

Korona husambaa zaidi kwa hewa, hivyo usikitundike kibuyu ukafunga madirisha na kuvua barakoa. Kwa kuhara na kipindupindu, hapo kinafanya kazi kubwa zaidi. Kama wanaonawa ni watoto, tundika cha pili chini kidogo, kimo cha kifua chao, maana kile cha wakubwa huwamwagia maji viwikoni.