Soksi ya goti ya Kariakoo: inachokiweza na isichokiweza

Soksi ya goti ya kitambaa kizito kinachovutika, inayouzwa katika maduka ya vifaa vya michezo Kariakoo, ni bidhaa nzuri iliyoandikiwa maelezo mabaya. Niliyoinunua mimi kwa shilingi 18,000 imeshonwa kwa uangalifu, haiteremki hata ninapopanda daraja la waenda kwa miguu la Manzese, na haijalegea licha ya kufuliwa mara kwa mara. Lakini kwenye boksi lake imeandikwa kwamba hubeba uzito badala ya gegedu za goti, yaani tishu imara zinazonyumbuka zilizo kati ya mifupa, na kuzizuia zisisagike. Dai hilo si kweli, na wapo wengi jijini, kuanzia wachezaji wa mchangani hadi akina mama wanaosimama kutwa sokoni, wanaoweza kuinunua kwa kuliamini. Kwa hiyo ni haki ielezwe vizuri kazi ambayo soksi hii inadai kuifanya.

Ndani ya kila goti mna meniski mbili, yaani vipande vya gegedu ngumu: kimoja upande wa ndani, chenye umbo la herufi C, na kingine upande wa nje, kinachokaribia kuwa duara kamili. Ncha ya chini ya fupa la paja ni ya mviringo, ilhali sehemu ya juu ya muundi ni karibu bapa. Pasipo kitu cha kujaza nafasi iliyobaki, mifupa hiyo ingeegemeana katika eneo dogo sana na mzigo wote ungeelemea hapo. Meniski, ambazo ni nene ukingoni na nyembamba kuelekea katikati, huijaza nafasi hiyo kama ngata inavyokalisha chungu kichwani. Goti likiwa limenyooka, hupitisha takribani nusu ya mzigo unaolifikia. Likikunjwa hadi nyuzi 90, kiasi hicho hufika karibu asilimia 85. Si ajabu, basi, kwamba mwenye meniski iliyochanika huumia zaidi anapochuchumaa.

Namna zinavyobeba inastaajabisha. Uzito unaposhuka, meniski husukumwa zitoke nje ya kiungo, lakini nyuzinyuzi za kolajeni (protini imara ya mwili) zinazozunguka ukingo wake, pamoja na mizizi inayozishikiza kwenye muundi mbele na nyuma, huzizuia zisitanuke. Mgandamizo wa kutoka juu hugeuka kuwa mvutano unaozunguka ukingo, nao mzigo husambaa katika eneo pana, hivyo gegedu laini inayofunika ncha za mifupa husalimika. Ndiyo maana mzizi ukichomoka, meniski huweza kuacha kubeba hata kama haijapungua ukubwa. Mwaka 1948, Fairbank, daktari wa upasuaji wa mifupa wa Uingereza, alieleza alichokiona katika picha za eksirei za magoti yaliyoondolewa meniski: nafasi ya kiungo imepungua, mfupa umeota ukingoni, na ncha ya fupa la paja imekuwa bapa. Siku hizi madaktari hujitahidi kuihifadhi meniski na kuishona inapowezekana, hasa mpasuko ukiwa karibu na ukingo wa nje, kwa kuwa huko ndiko damu inakofika. Sehemu ya ndani haina mishipa ya damu na hupona kwa shida.

Soksi hubana ngozi na misuli kutoka nje. Haiwezi kuingia kati ya mifupa miwili, wala kurudisha mvutano wa ukingo uliokatika. Inachokiweza, nami nakithamini, ni kulipatia goti joto na kumfanya mtu ahisi vizuri zaidi mkao wa kiungo chake, jambo linalopunguza maumivu kwa baadhi ya watumiaji. Kwa kupunguza mzigo wenyewe, mazoezi ya misuli ya paja na kupunguza uzito wa mwili hufaa zaidi. Ambaye goti lake hukwama lisinyooke, au limevimba baada ya kujipinda uwanjani, asiishie dukani. Apimwe na daktari wa mifupa.

Kwa anayeitaka kwa ajili ya joto na utulivu, naipendekeza bila kusita, ila saizi isikadiriwe kwa macho kama muuzaji wangu alivyotaka kufanya. Mnunuzi aende na futi kamba ya fundi cherehani, apime mzunguko wa mguu pale boksi linapoelekeza, na airudishe papo hapo ikiwa inaacha ganzi au inaivimbisha sehemu iliyo chini ya goti.