Kozi ya midahalo mtandaoni: nyota tatu

Nimemaliza hii kozi na kusema kweli somo la "nani athibitishe" ndo limebeba kila kitu. Mwalimu anaanza na mfano wa birika wa mwanafalsafa Bertrand Russell wa 1952, yaani nikikwambia kuna birika la chai linazunguka jua kati ya Dunia na Mirihi, dogo mpaka darubini haioni, si kazi yako kuonyesha halipo, mimi niliyedai ndo nilete ushahidi. Safi. Halafu anaingia mwanafalsafa mwingine, Antony Flew, aliyetaka mjadala wa Mungu uanzie kwenye kutoamini, anayeamini ndo aanze kujieleza, na hapo kafafanua vizuri mno.

Shida ni upande wa pili, wa wanaoamini. Mwanafalsafa Alvin Plantinga kampitia fastafasta, wakati huyu ndo anasema imani kwa Mungu inaweza kuwa ya msingi bila kusubiri hoja, kama tunavyoamini tu kwamba wengine nao wanafikiri na kuhisi kama sisi. Na hajagusa kabisa kwamba anayesema "Mungu hayupo" naye kadai kitu, si sawa na anayesema "sijashawishika", sasa hapo si ndo watu wanagombanaga kila siku jamani? Maswali ya mwisho ni ya kukariri tu. Sauti nayo inakwaruza.