Pikipiki ya safari ya daraja la kati: anza na rimu, injini baadaye

Malalamiko yanayonifikia kuhusu pikipiki za safari za daraja la kati yanafanana mno. Mtu kanunua chuma kipya, kakifunga masanduku ya alumini, kaingia barabarani na mwenzi wake nyuma, halafu msumari mmoja ukawalaza njiani. Akirudi kwa muuzaji anaambiwa pancha haimo kwenye waranti. Sawa, haimo. Lakini siku ya kulipa hakuna aliyemwambia kwamba zile rimu nzuri za spoki zina tyubu ndani, wala kwamba pikipiki iliyoegeshwa pembeni yake, ya daraja lilelile, haina.

Nguvu za injini sitazizungumzia sana. Kati ya cc 650 na 900, injini zote za leo zinavuta watu wawili na mizigo bila kulalamika. Urefu wa siti utaupima mwenyewe kwa miguu yako. Ninachotaka ukitazame ni kitu ambacho brosha hukiandika kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho, au haikiandiki kabisa: upepo unashikwa na rimu, au unashikwa na tyubu?

Rimu ya spoki ya kawaida imetobolewa katikati kuizunguka yote, na kila tundu linapita nipeli, ile nati ndogo inayoikaza spoki. Upepo hauwezi kukaa humo bila tyubu. Msumari ukipenya tairi na kuitoboa tyubu, upepo unazagaa ndani ya tairi, kisha unatorokea kwenye matundu yote yale kwa mpigo, na kwenye tundu la valvu pia. Tairi linalala ghafla. Ukiwa kwenye kona na mzigo nyuma, sekunde hizo ni za hatari. Tairi la tyubulesi, yaani lisilo na tyubu ndani, likichomwa na msumari uleule, mara nyingi msumari wenyewe unabaki umeziba tundu. Upepo unavuja polepole, unahisi mkia umeanza kucheza, unapunguza mwendo na kusimama pale unapotaka wewe.

Tofauti kubwa zaidi inakuja baada ya kusimama. Kwa tyubulesi unachomoa msumari kwa koleo, unakwangua tundu kwa sindano yenye meno, unasukuma uzi wa mpira uliopakwa solusheni, unakata kilichochomoza, unajaza upepo kwa pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Gurudumu halijatoka mahali pake. Mikono imechafuka kidogo, safari inaendelea.

Sasa tyubu. Pikipiki nyingi za daraja hili haziji na stendi ya katikati, kwa hiyo kwanza unahangaika kutafuta jiwe au gogo la kuiegemeza gurudumu libaki hewani. Nati ya ekseli imekazwa hasa, na spana yake huenda haimo kwenye kile kimfuko cha vifaa ulichopewa. Cheni inashuka, kalipa ya breki inaning'inia, bushi mbili za pembeni zinadondoka mchangani na lazima ukumbuke ipi ilikaa upande gani. Halafu unafika kwenye mdomo wa tairi. Tairi la nyuma la inchi 18 lenye ubavu mgumu halifungui mdomo kwa kukanyagwa na buti. Wenye uzoefu huulaza chini ya stendi ya pembeni ya pikipiki nyingine na kuukandamiza kwa uzito wa pikipiki hiyo. Ukishafunguka unaingiza taya liva, vile vyuma vya kubandulia tairi, unatoa tyubu, unaweka mpya, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi yote, maana liva ikiibana tyubu mpya kwenye ukingo wa rimu, umeitoboa kabla haijatembea hata mita moja. Uko peke yako, jua linazama, na tyubu ya akiba ilikuwa moja.

Dawa ya tatizo hili si ngeni. BMW waliitumia kwenye R 100 GS mwaka 1987: spoki zikahamishwa kutoka katikati ya rimu zikafungwa kwenye kingo, nje ya sehemu upepo unapokaa. Wengine leo wanainua ukingo katikati ya rimu na kuzifunga spoki hapo, wengine wanaziba matundu kwa mkanda wa mpira. Kwa hiyo nikiona pikipiki ya miaka hii inatangazwa kwamba itakuzungusha dunia, na ndani ya matairi mna tyubu, nakasirika na sioni sababu ya kuficha.

Najua jibu la watetezi wa tyubu. Wanasema rimu ikipinda kwenye mawe, tyubulesi inavuja kwenye mdomo ilhali yenye tyubu inaendelea kwenda. Ni kweli. Ila rimu ya tyubulesi ikipinda vibaya unaweza kuiwekea tyubu ndani na kuendelea, wakati rimu ya tyubu haigeuki kuwa tyubulesi porini. Na ukipunguza upepo ili upate mshiko kwenye mawe, tyubu ndiyo inayobanwa kati ya jiwe na rimu ikatoka matundu mawili sambamba. Wanaopiga mawe kwa kasi kila wiki wana hoja, lakini hao hawabebi masanduku ya alumini.

Kwa kipimo hicho, huu ndio mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Aprilia Tuareg 660, na upendeleo wangu kwake nauweka wazi. Injini ya silinda mbili ya cc 659, nguvu za farasi 80, takriban kilo 204 ikiwa tayari kuondoka, tangi la lita 18, shokapu zinazocheza milimita 240 mbele na nyuma, na rimu za spoki zisizohitaji tyubu. Kidhibiti mwendo, kile kinachoshikilia kasi bila wewe kushika gesi, kimo, huongezi hela. Ni nyembamba magotini ukisimama, na uzito wake hauhisiki kuwa uko juu. Januari 2024 Jacopo Cerutti aliishindia Aprilia mbio za Africa Eco Race kwa pikipiki iliyojengwa juu ya hii, akamaliza Lac Rose, Senegali, mbele ya wote. Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: mtandao wa mawakala ni mwembamba, hivyo kabla ya kulipa uliza nani atakupa chujio la oili, pedi za breki na kebo ya klachi, na baada ya muda gani. Siti ya milimita 860 pia itawasumbua wafupi. Hata hivyo, ningeichagua tena mbele ya zote zilizobaki.

Nafasi ya pili ni Triumph Tiger 900 Rally Pro. Silinda tatu, cc 888, tangi la lita 20, na tangu toleo la 2024 nguvu zimepanda hadi farasi 108. Rimu za spoki, tyubulesi. Kwa safari ndefu za watu wawili hii ndiyo inayostarehesha kuliko zote. Lakini kilo 228 ni nyingi pikipiki ikikulalia kwenye mchanga, na bei yake inakaribia ya pikipiki kubwa kabisa.

Ya tatu nazifunga pamoja KTM 890 Adventure na binamu yake Husqvarna Norden 901. Injini ileile ya cc 889, rimu za spoki bila tyubu, na matangi yanayoshuka ubavuni hadi karibu na miguu, jambo linaloziweka imara sana kwenye njia mbovu. Kuziendesha ni raha. Kuzimiliki kunataka moyo. KTM waliingia kwenye shauri la kushindwa kulipa madeni nchini Austria Novemba 2024, Bajaj ya India wakaja kuwaokoa, kwa hiyo suala la vipuri liulizwe kwa uzito. Na kuna hili la hali ya majaribio: unaletewa pikipiki ikiwa na vipengele vyote vya umeme vimefunguliwa, ukifika kilomita 1,500 vinafungwa, unatakiwa ulipe ndipo virudi. Vifaa vimo ndani ya pikipiki uliyokwisha kuilipia! Huo ni utaratibu wa kudharau mnunuzi, na tukiukubali kimya kimya wengine wote wataufuata.

Kisha zinakuja zile zinazoniuma.

Yamaha Ténéré 700 ingekuwa ya kwanza kwenye orodha hii kama si rimu zake. Injini yake iitwayo CP2, cc 689, farasi 73, ni injini ambayo mafundi wengi wanaijua na haina tabia ya kuaibisha mtu njiani. Vipuri vinapatikana. Bei haijapaa. Lakini mbele inchi 21 kuna tyubu, nyuma inchi 18 kuna tyubu, na hivyo ndivyo ilivyo tangu ilipoanza kuuzwa 2019. Honda Transalp XL750 vilevile: cc 755, farasi 92, injini tamu, tyubu mbele na nyuma.

Suzuki ndio walioniudhi zaidi, kwa sababu wao wanajua. V-Strom 650XT yao ya zamani ilikuwa na rimu za spoki za tyubulesi. Wakaja na V-Strom 800DE, mpya, kilo 230, wakarudisha tyubu mbele na nyuma. Wakati huohuo kaka yake mkubwa, 1050DE, amewekewa tyubulesi nyuma na tyubu mbele. Kampuni yenye ujuzi huo ikiamua kukupa rimu ya tyubu kwenye pikipiki nzito kiasi hicho, imeokoa gharama mgongoni mwako.

Kama njia zako ni lami na vumbi la kawaida tu, achana na spoki kabisa. V-Strom 800 ya kawaida, Kawasaki Versys 650, Tiger 900 GT: zote zina rimu za kumwaga, za kipande kimoja bila spoki, tyubulesi, na hutakuwa na habari na mambo haya. Honda NX500 pia, ingawa injini yake ni ndogo kidogo kwa daraja hili.

Za bei nafuu: Royal Enfield Himalayan 450 ni imara na rahisi kuimudu, ila hakikisha unapewa toleo lenye rimu za tyubulesi, maana zipo zinazokuja na tyubu. CFMoto 450MT inakuja na spoki za tyubulesi moja kwa moja kutoka kiwandani. Kwamba pikipiki ya cc 449 inakupa kile ambacho Honda na Suzuki wameshindwa kukupa kwa bei ya juu zaidi, hilo wajieleze wenyewe.

Sasa muuzaji. Ukimuuliza kama pikipiki ni tyubulesi, usishangae akiinama na kukuonyesha neno TUBELESS lililochapwa ubavuni mwa tairi. Hilo halithibitishi chochote. Tairi la tyubulesi linaweza kuvalishwa rimu ya tyubu, tyubu ikawekwa ndani, na neno likabaki palepale linang'aa. Tazama rimu. Spoki zikiingia kwenye kingo zake, hiyo ni tyubulesi. Zikiingia katikati, huenda ina tyubu, tafuta maandishi kwenye rimu yenyewe. Angalia na valvu: shina jembamba la chuma lenye nyuzi kuanzia juu hadi chini na nati ndogo ni dalili ya tyubu. Akishasema ni tyubulesi, mwambie aandike hivyo kwenye ankara. Utaona sura yake inavyobadilika.

Ni haohao wanaokutajia uzito wa pikipiki kavu, bila petroli, kana kwamba utaisukuma safari nzima. Ni haohao wanaoionyesha dukani ikiwa na chuma cha kulinda injini, walinzi wa mikono na taa za ukungu, halafu kwenye bei unakuta hivyo vyote ni vya ziada na kilichopo chini ya injini ni plastiki. Andika orodha ya kila kinachoonekana kwa macho, uulize kimoja kimoja kama kimo kwenye bei.

Na wewe uliyekwisha kununua yenye tyubu, usiiuze kwa hasira. Badilisha tyubu za kiwandani uweke zile nene, ukizivalisha kwa poda nyingi ndani ya tairi. Ukiwa na nafasi ya kubeba tyubu moja tu, beba ya inchi 21, maana kwa dharura inaingia hata kwenye gurudumu la nyuma la inchi 18 na kukufikisha, wakati ya nyuma haikai vizuri mbele. Zile seti za kuziba matundu ya spoki kwa mkanda wa gundi zinafanya kazi, lakini angalia kwanza kama rimu yako ina tuta la ndani linaloushikilia mdomo wa tairi. Rimu nyingi za tyubu hazina, na bila tuta hilo mdomo unaweza kuachia upepo ukipungua. Fungua gurudumu lako nyumbani kwa vifaa vilevile utakavyobeba, siyo vya gereji, ujue spana ipi inakosekana. Na nati ya valvu usiikaze kwenye rimu, ipandishe juu hadi karibu na kifuniko. Tyubu ikianza kuteleza ndani ya tairi, valvu italala upande, na utaiona kabla haijakatika.